Masika ya utotoni yamekwenda wapi? Siku hizi vuli ndiyo inanyesha

#1 Chungwa la Muheza
Wakuu, habari za jioni. Hili jambo linanikera tangu nilipokwenda nyumbani mwezi uliopita.

Nimezaliwa 1976, nimekulia Muheza, njia ya kupandia Amani. Masika ya kwetu yalikuwa na adabu. Katikati ya Machi joto linazidi mpaka mbwa wanalala kwenye mtaro, kaskazi inakata, hewa inasimama siku kadhaa hata jani halitikisiki. Wazee wanasema hayo maleleji, subirini. Halafu usiku mmoja unasikia bati linagongwa tone moja moja. Ikianza imeanza. Ilikuwa ile mvua ya kunong'ona, kutwa kucha, siku tatu nne haikati. Sare za shule tunakausha juu ya moto, darasa zima linanuka moshi. Mei ndiyo usiseme, njia inakatika, mwalimu anaita majina ya watu wasiokuwepo.

Sasa hivi Machi kavu. Aprili inakuja mvua moja ya vitisho, saa mbili tu imelaza migomba yote, kesho yake jua la kupasua ardhi. Mei tuliyokuwa tunaiogopa unaweza kuanika mahindi. Halafu inakuja vuli, ambayo zamani ilikuwa mvua ya maharage tu, inanyesha Oktoba mpaka Januari kama imetumwa.

Naomba kuuliza: masika yamekufa, yamehama, au ni mimi nimezeeka? Kwenu ikoje? Taja ulikokulia na miaka, tusije tukachanganya Tukuyu na Tanga.

#2 Nipo Nipo
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kiti.

#3 Mama Mchicha
Kaka hujazeeka. Mimi Chanika, miaka ya themanini, kabla haijawa Dar ya watu. Kipimo changu ni jongoo. Masika yakiingia, kwenda kisimani ilikuwa unaruka jongoo kama unacheza rede. Wanangu leo jongoo wanamjua kwenye methali, kwamba hapandi mtungi, lakini hawajawahi kumwona akitembea. Na mtungi wenyewe pia hawaujui.

Kilimo cha bustani nafanya mpaka leo. Zamani mchicha wa masika ulikuwa unaoza kwa maji. Sasa Aprili hiyohiyo mara namwagilia kwa ndoo, mara wote umesombwa.

#4 Nahodha Mstaafu
Salaam. Nimefanya kazi ya jahazi, Kilwa na Mafia, miaka mingi. Niweke sawa jambo moja kabla uzi haujaenda mbali: kaskazi haileti masika, wala kusi haileti. Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi, kavu na ya joto, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni. Kusi inashika kuanzia Aprili, Juni na Julai inakuwa na nguvu kwelikweli, ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha kwao. Mvua kubwa inakaa pale mlangoni, upepo mmoja umetoka na wa pili haujaingia. Jua linapita utosini kwenye ikweta tarehe 20 au 21 Machi, mkanda wa mawingu unalifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana Dar na Unguja kilele ni Aprili, Tanga na Mombasa ni Mei. Mkanda uko safarini kwenda kaskazini.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi masika yamekwenda wapi, nitakuuliza kusi imeshika lini. Ikishika mapema na kwa nguvu, mlango unafungwa kabla mvua haijakaa kitako. Miaka ya karibuni naona kusi ina haraka. Baharini tuliliona hili kabla yenu.

#5 Wa Tisini na Tisa
Mimi ni wa 1999 na naomba msinipige. Kila mtu aliyevuka miaka 40, utotoni kwake mvua ilikuwa kubwa, maembe yalikuwa matamu, walimu walikuwa wakali na shule ilikuwa kilomita 10. Mtoto ana urefu wa mita moja. Dimbwi lililokufika magotini ukiwa darasa la pili leo linakufika kifundoni. Mvua ni ileile, miguu ndiyo imerefuka.

#6 Chungwa la Muheza
#5 shule ilikuwa kilomita 6, sio 10. Usitie chumvi kwenye mateso ya watu.

#7 Mwalimu wa Kipimamvua
Kijana wa #5 ana hoja, ila ameiacha nusu njia.

Nilitunza kipimamvua cha shule miaka tisa, wilaya ya Korogwe. Kila siku saa tatu asubuhi unakwenda, unasoma, unaandika, hata kama ni sifuri. Milimita moja maana yake lita moja kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita 10 kwa 8, mvua ya milimita 50 ikishuka, paa limemwaga lita 4,000. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaita mvua kubwa pale inapozidi hizo 50 ndani ya saa 24.

Kilichonifundisha kile chombo ni hiki: jumla ya msimu na mtawanyiko wa siku ni vitu viwili. Milimita 300 za siku 40 na milimita 300 za siku 9 kwenye karatasi ya mwisho wa msimu zinafanana. Kwa mkulima moja ni mavuno na nyingine ni korongo. Redio ikitangaza "mvua za wastani" mtu anasema wataalamu waongo, kumbe wote wako sawa, kila mmoja amepima kitu chake.

Jambo la pili, huo wastani wenyewe unahesabiwa kwa miaka 30, na kila baada ya miaka kumi unasogezwa. Wa sasa ni 1991 mpaka 2020. Masika ya Chungwa la Muheza ya 1984 hayamo kabisa kwenye hesabu. Analinganisha na kitu ambacho ofisi haina haja nacho tena.

#8 Nipo Nipo
Mwalimu umenikumbusha viboko lakini somo limeingia.

#9 Karafuu Kavu
Assalaam aleykum. Miye wa Pemba, Wete.

Kwetu hali ya mvua twaijua kwa majamvi. Karafuu yataka jua siku nne tano ikauke. Zamani wazee walikuwa wanajua siku ya kuanika, sasa umeanika asubuhi, adhuhuri mbio za kukunja jamvi, jioni umeanika tena, mwisho karafuu inapoteza rangi na mnunuzi anaitazama kama taka. Vuli inaingilia mavuno kuliko zamani, hapo nakubaliana na mwenye uzi.

Lakini nina jambo jingine. Wazee wetu hawakulima kwa Machi na Aprili. Walihesabu miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jadi. Mwongo fulani safisha shamba, mwongo fulani tia mbegu, mwongo fulani usiende baharini. Babu alikuwa anakwambia leo ni mwongo wa ngapi bila kutazama popote. Sasa nani anahesabu? Tumepoteza kalenda halafu twailaumu mvua.

#10 Mwalimu wa Kipimamvua
Karafuu Kavu, hapo umenigusa. Ila hebu tuhesabu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne. Kwa hiyo unasogea siku moja mapema kila miaka minne ukilinganisha na jua. Karne ya kumi na tisa Nairuzi iliangukia Agosti, leo Makunduchi wanakoga mwaka Julai. Mtu aliyeanza kulima kwa miongo 1984 na anaendelea mpaka leo, hesabu yake imetangulia siku kumi. Mwongo mmoja mzima! Atasimama shambani aseme mvua imechelewa, kumbe yeye ndiye kawahi.

#11 Karafuu Kavu
Siku kumi naziona. Lakini mvua haijachelewa siku kumi yakhe, imechelewa mwezi. Hizo ishirini zilizobaki nani kazichukua?

#12 Nahodha Mstaafu
Kusi.

#13 Mwana wa Kilifi
Niko Kilifi, Kenya, bara kidogo kuelekea Ganze. Huku masika tunaita mvua ya mwaka, na hilo jina lenyewe linakuonyesha ilivyokuwa na uzito: isiponyesha hiyo, huna mwaka. Nimezaliwa 1981.

Nyinyi mnalalamika imepungua, sisi ilikoma. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ilikosa, ya vuli na ya mwaka. Pembe yote ya Afrika. Walisema haijatokea kwa miaka 40. Mjomba alipoteza ng'ombe wote, akabaki na mbuzi sita na kengele za ng'ombe ukutani. Halafu vuli ya 2023 ikaja kwa hasira, mito ikafurika juu ya ardhi ngumu kama sakafu, mbuzi wawili wakaenda na maji. Yeye haulizi tena mvua ni ndogo au kubwa. Anauliza itaua nini safari hii.

#14 Bati Gumu
Pole sana Mwana wa Kilifi. Hiyo ndiyo Elinino wakuu, tuliambiwa.

#15 Mwalimu wa Kipimamvua
#14 umegeuza. Ule ukame ulikuja na La Niña, yaani Bahari ya Pasifiki ikipoa, tena miaka mitatu mfululizo, 2020 hadi 2022. El Niño, Pasifiki ikipata joto, kwetu kawaida inaongeza mvua za vuli, kama 1997 na 2023. Ila haifanyi kazi peke yake. Bahari ya Hindi ina bembea yake: upande wetu ukipata joto na upande wa Indonesia ukapoa, mvua inakuja kwetu. 2019 bembea ililalia huku kwa nguvu sana, hata El Niño ya kutajika haikuwepo, na vuli ile kila mtu anaikumbuka.

Ndiyo maana vuli inatabirika kidogo, bahari inakupa taarifa miezi kabla. Masika hayashikamani na bahari namna hiyo. Hata mabingwa yanawatoa jasho.

#16 Shamba Darasa
Asante Mwalimu. Tunaotoka vuli ya 2019 tunakumbuka na kilichofuata, nzige wa mwaka 2020. Mvua nayo ina wageni wake.

#17 Hapana Chezea
Mnazunguka tu. Kuna nchi za Ghuba zinapanda mawingu kwa ndege, kila mtu anajua. Mawingu ya kaskazi yanatoka upande gani? Wanayavuna huko kabla hayajafika. Amkeni.

#18 Nahodha Mstaafu
Mwanangu, nimekwambia kaskazi ni kavu. Wanavuna nini humo, vumbi?

#19 Wa Tisini na Tisa
Hahaha, Nahodha amepiga tanga likapasuka.

#20 Mwalimu wa Kipimamvua
Hapana Chezea, kupanda mawingu kwa ndege ni kweli wanafanya. Lakini lazima wingu liwepo na liwe limekaribia kunyesha lenyewe, unalisukuma kidogo tu. Na unyevu wa masika yetu hautoki Ghuba, unatoka Bahari ya Hindi, na siku nyingine upepo wa magharibi unaleta wa Kongo.

#21 Hapana Chezea
Na Dubai ilivyofurika Aprili 2024 je?

#22 Shamba Darasa
Aprili hiyohiyo Rufiji nayo ilifurika, mashamba yakalala chini ya maji. Rufiji nayo ndege ilipita?

Na hii inarudi kwako mleta uzi. Unasema masika yamekufa. Waambie hivyo watu wa Rufiji na Kibiti walioishi kwenye mahema mwaka ule.

#23 Chungwa la Muheza
Haki, hiyo 2024 nimeisahau. Lakini ona ilivyokuja. Ndiyo ileile ninayolalamikia: haikuja kulimisha, ilikuja kubomoa.

#24 Fundi Mifereji
Mie wa mjini, Magomeni. Nataka kusema kitu ambacho wakulima hamtapenda. Mafuriko si kipimo cha mvua. Sensa ya 1967 Dar ilikuwa na watu kama laki mbili na sabini. Ya 2022 tuko milioni tano na laki tatu na zaidi. Maji ya Pugu na Kisarawe yalikuwa yanashuka Msimbazi yakipita mashamba ya mpunga na matete, yananyweka. Sasa kila mtu ameweka zege uani, na mtaro wenyewe ukiufungua unakuta godoro. Nasema kweli, nimetoa godoro zima, na shuka lake.

Mvua ya nusu saa leo inafunga barabara Jangwani. Baba yangu anasema mvua siku hizi ni kubwa mno. Jirani yake mwenye kisima anasema ni ndogo mno, kisima kinakauka. Wote wawili wameletewa hali hiyo na zege.

#25 Bati Gumu
Mafuriko makubwa ya Dar yalikuwa 2009, mabonde yote yalihamishwa watu wakapelekwa Mabwepande.

#26 Fundi Mifereji
2011 mkuu, Desemba, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru. Nilikuwa juu ya paa la jirani, siwezi kukosea mwaka. Na tazama mwezi, Desemba. Sio masika.

#27 Mama Mchicha
Kumbe jongoo wangu nao wamezibiwa na zege. Kwetu sasa ni pavingi mpaka mlangoni.

Jamani hivi ile jua linawaka na mvua inanyesha bado inatokea? Tulikuwa tunasema simba anazaa.

#28 Mwana wa Kilifi
Kwetu ni fisi anazaa.

#29 Karafuu Kavu
Pemba hakuna simba wala fisi, twanyamaza tu tukiloa.

#30 Mti Mkavu
Nashangaa tumefika #29 hakuna aliyetaja miti. Chungwa la Muheza, wewe unatoka chini ya Usambara Mashariki halafu unatafuta mchawi Indonesia! Nimefanya kazi kule ya mbao, nakiri, miaka ya themanini na tisini. Tulikuwa tukiingia msituni asubuhi unatoka umelowa na mvua haijanyesha, ni ukungu tu unadondoka kwenye majani. Sehemu tulizokata, ukungu unapita moja kwa moja kama mtu asiyekujua. Vijito vilivyokuwa vinaimba mwaka mzima vikawa vya msimu. Mimi sina kipimamvua lakini nina dhamiri.

#31 Nahodha Mstaafu
Mkuu, dhamiri tunaiheshimu. Lakini mvua ya mlima inatoka kwenye upepo wa bahari unaopandishwa na mlima, unapoa juu, unanyesha. Mlima haujakatwa. Na Mafia kwetu minazi iko palepale, mvua imeyumba vilevile. Tulikata msitu gani baharini?

#32 Mti Mkavu
Sijasema miti inaleta mvua yote. Nasema mvua ilikuwa ikija inapewa kitanda, inalala. Siku hizi inafikia mlangoni na kuondoka. Kama kijito kinakauka Agosti, wewe mkulima utasema "masika yalikuwa madogo", ingawa Mwalimu kwenye chupa yake kaandika namba ileile.

#33 Mwalimu wa Kipimamvua
Hapo Mti Mkavu na Fundi Mifereji mnasema kitu kimoja, mmoja kwa msitu na mmoja kwa zege. Naafiki. Lakini msiniibie na chupa yangu. Kilichopimwa Afrika Mashariki ni kwamba masika yalipungua kweli tangu miaka ya themanini mpaka karibu 2010. Yalikuwa yanachelewa kuanza na yanawahi kukatika, katikati palikuwa hapajabadilika sana. Kwa hiyo #1 hakuota.

Kinachochekesha, zile kompyuta za utabiri wa miaka mingi zinasema dunia ikiongezeka joto sisi tutapata mvua zaidi. Vipimo vilikuwa vinashuka na utabiri unapanda. Wapo wanaosema ni bahari ya mbali kupata joto ikavuta mawingu huko, wapo wanaosema ni mzunguko wa miaka kumi kumi tu utarudi, wapo wanaosema kompyuta zina kasoro. Halafu 2018, 2020 na 2024 masika yakamwaga, kila kambi ikasema tulisema sisi.

#34 Wa Tisini na Tisa
Kwa hiyo kwa miaka yangu mimi mvua inaongezeka! Nilizaliwa kwenye upungufu. Nikifika miaka 50 nitaanzisha uzi kwamba utotoni mvua zilikuwa na adabu, chache na za heshima.

#35 Mnyakyusa Mlowevu
Nimesoma yote kimya. Huku Tukuyu tunasubiri mjue mvua ni nini ndipo tuchangie. Sisi hatuna masika na vuli, tuna msimu mmoja, unaanza Novemba unakwenda hadi Mei. Kubadilika? Ndiyo, siku hizi kuna siku mbili tatu unaona jua.

#36 Chungwa la Muheza
Nilijua tu mtu wa Tukuyu atakuja kuringa.

#37 Mtu wa Lindi
Kitu kipya kwangu sio masika, ni vimbunga. Ukanda wetu tulizoea kusikia vya Msumbiji na Madagaska. Aprili 2019 Kenneth tukaambiwa inakuja Mtwara, watu wakafunga maduka, ikageukia Cabo Delgado, Msumbiji. 2021 Jobo ikafifia kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya ikafika kweli, Mafia. Tatu ndani ya miaka mitano. Hii haikuwepo utotoni.

#38 Nahodha Mstaafu
Haikuwepo utotoni kwako. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, waulize wazee wako. Na Unguja Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, Pemba ikabaki, ndiyo maana leo Karafuu Kavu anatuletea maringo hapa.

#39 Karafuu Kavu
Mungu anajua anapompa mtu riziki yake.

#40 Mtu wa Lindi
Mwaka 1952 nilikuwa sijulikani hata kwa jina, lakini nimekuelewa. Viwili katika miaka 80, halafu vitatu vinanyemelea ndani ya mitano. Bado naogopa.

#41 Imamu Mdogo
Ndugu zangu, nimeona upepo, bahari, miti, zege, kompyuta. Hakuna aliyetaja matendo yetu. Zamani mvua ikikawia mji mzima, wakubwa na watoto na mifugo, wanatoka uwanjani kuomba, nguo wamegeuza, wanalia. Mara ya mwisho nyinyi mmetoka lini?

#42 Fundi Mifereji
Shehe, aliyetupa godoro mtaroni nalo ni tendo. Tuanze kutubu na hilo.

#43 Jembe Halimtupi
Nimekuta uzi mzuri, mchango wangu ni mdogo. Mimi ni bwana shamba mstaafu, Handeni na Kilindi.

Mnasahau mbegu. Bibi zenu walikuwa na mahindi ya miezi minne au mitano, mtama, mihogo, kunde, vyote shamba moja. Walipanda kavu, kabla ya tone, mbegu inasubiri ardhini. Mvua ikisimama wiki tatu, mahindi yanaungua lakini muhogo unamtazama tu. Hawakuita huo ukame, waliita "mvua imekwenda kutembea". Sasa umepanda mahindi peke yake, mbegu ya dukani, mbolea ya mkopo, heka nne. Wiki mbili za jua zikija mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, umekwisha. Mvua haijawa mbaya kuliko ya bibi, wewe ndiye umebaki na mguu mmoja.

Lakini nakubali mambo mawili yamebadilika, nimeyaona kwa macho. Joto: ardhi inakauka upesi, mvua ileile haikai. Na matone ni makubwa. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inabeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, ikiangusha inaangusha mzigo.

#44 Mama Mchicha
"Mvua imekwenda kutembea." Bibi yangu alisema hivyohivyo. Nimekaa nimeinamisha kichwa hapa.

#45 Mtu wa Ziwa
Musoma hapa. Mkumbuke na sisi. 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita hata rekodi ya 1964, ile iliyotokana na mvua za mwisho wa 1961. Nyumba za ufukweni zimekuwa mazalia ya sato. Wakati mnatafuta masika yenu, huenda yako sebuleni kwa shemeji yangu.

#46 Chungwa la Muheza
Wakuu nimerudi na mkosi. Nimempigia simu bi mkubwa Muheza, ana miaka 79 na akili zote. Nikamsomea bandiko langu la kwanza.

Kwanza akacheka. Akasema, "Bati gani? Nyumba yetu ilikuwa makuti mpaka umemaliza darasa la saba." Bati lilikuwa la mama mdogo, nilikwenda kukaa kwake masika moja nikiwa naumwa surua. Mvua ya kunong'ona siku nne anaikumbuka, lakini anasema haikuwa kila mwaka, "ulikuwa mmoja au miwili, na mwingine tulikula yanga." Unga wa njano wa msaada! Nilikuwa nimeufuta kabisa kichwani.

Halafu nikamuuliza, kwa hiyo mama mvua haijabadilika? Akanyamaza kidogo akasema, "Imebadilika. Zamani nilikuwa nafua Jumamosi na nguo zinakauka nikijua. Sasa sijui." Akakata, ana kuku wa kufungia.

#47 Wa Tisini na Tisa
CHAI! Bati la #1 lilikuwa la shangazi! Uzi mzima umejengwa juu ya bati la watu!

#48 Chungwa la Muheza
La mama mdogo. Soma vizuri.

#49 Mwalimu wa Kipimamvua
Kijana usicheke sana. Bi mkubwa kasema kitu ambacho mimi kwa miaka tisa sikukiandika. Daftari langu lina milimita, halina safu ya "nilijua au sikujua".

#50 Hapana Chezea
Na nguo kwenye kamba nani anazilowanisha? Jiulizeni.

#51 Nahodha Mstaafu
Kusi.

#52 Nipo Nipo
Nimekaa kwenye kiti tangu #2, nimeelewa kila kitu na sijaelewa kitu. Nina heka mbili na nusu Handeni, nimeshalima, trekta limeshalipwa. Wiki hii mawingu yanakuja jioni yanaondoka. Nipande kavu au nisubiri?

#53 Jembe Halimtupi
Panda nusu. Na kwenye hiyo nusu weka na kunde.

#54 Karafuu Kavu
Leo ni mwongo wa ngapi?